Mokaya Hapumui Akiwa Wima

Duka la magodoro la Mokaya lilikuwa karibu na soko la Migori, katikati ya fundi wa viatu na mama mmoja muuza dagaa wa omena, na mwaka huo lilifanya biashara kuliko mwaka mwingine wowote. Sababu ni kwamba mwenye duka alikuwa mgonjwa na hakujua.

Alianza kwa kujilaza kidogo mchana. Anafungua duka, anapanga magodoro pale mlangoni, halafu anapanda juu ya rundo na kujinyoosha kama mtu aliyeko kwake. Wapita njia wakawa wanasimama kumtazama. Wakaambiana kwamba huyu jamaa anaiamini bidhaa yake, wakaingia, wakanunua. Wengine walikataa kabisa godoro jipya la ndani na kudai lile lile alilolilalia, kwa maana hilo limeshajaribiwa. Mokaya aliuza akiwa chali, akabishania bei akiwa chali, na chenji akaitoa kwenye mfuko wa shati bila kuinua kichwa.

Mkewe Moraa ndiye pekee ambaye hakufurahi. Alikuwa mwanamke mwenye macho. Mtoto akikohoa mara moja nyumba ya tatu, yeye alishajua ni mtoto wa nani na amekula nini. Mume wake alikuwa mtu wa kuamka kabla ya jogoo, mtu wa kusimama kwenye kila mazishi tangu ibada mpaka jeneza kufunikwa. Mtu kama huyo halali mchana mbele ya watu bila sababu. Moraa akazipitia sababu zote alizozijua. Mwanamke? Hapana, hana nguvu hiyo. Pombe? Mokaya alikuwa Msabato wa kuzaliwa, hata chai ya majani aliikataa. Basi ni uvivu wa uzee, na uzee wenyewe umemwahi mapema.

"Baba Edith," alimwambia siku moja alipompelekea chakula dukani, "hebu keti ule kama watu."

Mokaya akaketi. Akachukua tonge la kwanza, la pili, na kabla ya la tatu akaanza kuhema kama aliyekimbizwa na mbwa. Akarudi chali, akamalizia ugali huku amelala, mboga ikimdondokea kwenye shingo.

"Unaona aibu yako?" Moraa akasema. "Mtoto wa miezi sita anaketi."

"Huyo mtoto hajauza magodoro tangu asubuhi."

Moraa hakucheka. Alikuwa ameona midomo. Mokaya alipoketi, midomo ilikuwa na rangi kama ya mtoto aliyeshinda juu ya mti wa zambarau. Alipolala, ile rangi ikapungua. Aliona pia vidole. Ncha zake zilikuwa zimevimba, na kucha zimebinuka kama vijiko vidogo vilivyofunikwa kifudifudi. Alivishika vile vidole akavigeuza, akavinusa hata, kama anayechagua viazi vitamu sokoni.

"Hivi vilianza lini?"

"Vidole nimezaliwa navyo," Mokaya akajibu.

Siku hiyo hiyo Moraa akampigia simu Bathsheba, dada mkubwa wa Mokaya. Hilo ndilo kosa lililowapotezea muda mrefu.

Bathsheba alikuwa kiongozi wa Dorkasi kanisani, yaani wale akina mama wanaotembelea wagonjwa, na katika miaka yake ya kutembelea wagonjwa alikuwa amejifunza jambo moja ambalo hakuna mtu angemwondolea: mtu wa shida ya pumzi halazwi. Anaketishwa. Akilala, kifua kinajaa, amekwisha. Alifika na mito mikubwa ya sofa, akamketisha kaka yake kwenye kiti cha mbao na kumkaza pande zote hadi akawa kama chungu kilichopakiwa tayari kwa safari.

"Hapo sasa," Bathsheba akasema. "Vuta pumzi."

Mokaya akavuta, na midomo ikawa nyeusi zaidi.

"Ongezeni mto," Bathsheba akaamuru.

Dorkasi wote wakaleta mito. Mito ya rangi, mito yenye maua, mmoja umeandikwa "Mungu Ni Mwema" kwa uzi mwekundu. Kila Mokaya alipoteleza taratibu kutoka kwenye kiti, kama uji unaomwagika ukingoni mwa sufuria, mmoja wao alimshika kwapa na kumrudisha juu. Akiomba alazwe, walimwonea huruma. Ugonjwa ndio unasema hivyo, waliambiana, si yeye. Moraa naye alimshikilia kwa nguvu zake zote na kwa mapenzi yake yote, na usiku alipoachwa ateleze mwenyewe kitandani, akalala vizuri, Moraa aliwashukuru Dorkasi kwa kazi yao ya mchana.

Walimpa dawa ya pumu ya kuvuta mdomoni. Wakamfukiza kwa majani ya mwarubaini. Chifu mdogo mmoja alipomwona macho yamekuwa na umanjano kidogo, alinong'ona kwamba hiyo ni ini, na ini ni pombe ya chang'aa. Uvumi ukamfikia mchungaji. Mchungaji akaja, akaketi karibu sana na Mokaya, akawa anaomba kwa sauti huku akinusa.

"Mchungaji," Mokaya akasema, "kama unatafuta harufu, ni ya omena. Ni ya jirani."

Mambo yakabadilika siku Edith alipopiga simu.

Edith alikuwa binti yao wa kwanza, mwalimu wa chekechea katika mji mdogo wa Rodi Kopany. Huko alikuwa amempata Boaz, kijana fundi wa milango ya chuma, mtoto wa Mzee Omanga. Sasa watu wa Boaz walitaka kuja Migori kwa mazungumzo ya mahari, Jumapili baada ya wiki mbili.

Moraa alikata simu, akaketi kufikiri. Alimpenda Boaz, ingawa alikuwa Mjaluo na alikula samaki mpaka kichwa. Lakini watu wakija kwa mahari, baba wa msichana huketi kwenye kiti mbele yao. Wagusii, watu wa akina Moraa, wana kitu wanachokiita chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake baina ya mkwe na mkwe, na katika mambo yote ambayo chinsoni inakataza, mkwe kumwona baba mkwe amelala liko karibu na juu. Wajaluo nao wana yao, kali vile vile. Baba wa Boaz akimkuta Mokaya amejinyoosha chini kama gunia, anaweza kugeuka pale mlangoni na kurudi Rodi Kopany bila kunywa hata maji. Na Edith alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

"Nitaketi," Mokaya akasema.

"Utaketi kwa pumzi gani?"

"Nitaazima."

Edith hakungoja. Alikuja mwenyewe akawachukua, akawapeleka hospitali Homa Bay, ambako alimjua daktari mmoja aitwaye Rispa, mama wa mtoto wa darasa lake.

Daktari Rispa alikuwa mtu wa Ndhiwa, mnene, mcheshi, mwenye viatu vya raba. Muuguzi alikuwa amemlaza Mokaya kitandani na kumbana kidole kwa kile kifaa kidogo kinachosoma oksijeni kwenye damu. Kikasoma tisini na tatu.

"Si mbaya sana," daktari akasema. "Mzee, unasikia nini?"

"Nasikia vizuri. Shida ni hawa wanawake. Wananiketisha."

Moraa akaruka. "Daktari, usimsikilize! Mtu wa pumzi si anaketishwa? Wifi yangu amefanya kazi hiyo miaka mingi! Wewe mkaze tu hapo kwa mto, utaona mwenyewe."

Akamketisha kabla hajaruhusiwa. Akamshika kwapa, akamkaza kwa mto wa hospitali, akasimama pembeni kama aliyemaliza kupanga bidhaa. Daktari alikuwa anaandika. Kile kifaa kikaanza kulia. Tisini. Themanini na saba. Themanini na tatu. Daktari akaacha kalamu.

"Mama, mlaze."

"Lakini…"

"Mlaze, mama."

Moraa akamlaza. Namba zikapanda pole pole. Daktari akamwomba amketishe tena, zikashuka. Amlaze, zikapanda. Mokaya akasema ikiwa mchezo huu unalipiwa, yeye ndiye alipwe.

Daktari Rispa akavitazama vile vidole, akatazama madoa mekundu kifuani yenye miguu kama ya buibui, akabonyeza tumbo. Akamtoa damu ya kupima. Siku iliyofuata wakapima na moyo. Walimdunga mshipani maji ya chumvi yaliyotikiswa mpaka yakawa na viputo, wakatazama kwenye skrini vile viputo vinakwenda wapi. Kwa mtu mzima wa afya, daktari alieleza, mapafu huvizuia vyote. Vya Mokaya vilipita vikatokea upande wa pili wa moyo, vinametameta kama povu la sabuni.

"Ni ini," akasema.

Moraa akafunika uso. "Hajawahi kunywa! Naapa, daktari. Hata ile busaa ya mahari ya shangazi yake aliimwaga!"

"Nani amesema pombe? Ana virusi vya homa ya ini, ile ya B. Pengine amekaa navyo tangu utotoni. Vimelikausha ini taratibu, limekuwa na makovu. Wewe na watoto pia mtapimwa leo, na ambaye hana atachanjwa."

"Sasa ini liko tumboni. Pumzi iko kifuani. Hao majirani wamekosania wapi?"

Daktari akavuta kiti. "Mama, kwenu mlikuwa na josho la ng'ombe?"

"Lilikuwepo."

"Ng'ombe walipitaje?"

"Mmoja mmoja. Njia ni nyembamba. Kila mmoja anatumbukia kwenye dawa, analowa, anatoka."

"Sasa mtu akivunja ukuta, ile njia ikawa pana?"

Moraa akafikiri. "Watapita kwa kundi. Wa pembeni watalowa. Wa katikati watatoka wakavu na kupe wao."

"Basi hiyo ndiyo shida ya mzee. Kwenye mapafu mishipa ni myembamba, damu inapita kidogo kidogo, kila tone linachukua hewa. Ini likiharibika, kuna vitu linashindwa kuvishughulikia, na hivyo vinafanya ile mishipa kutanuka. Damu inapita mbio, kwa kundi. Ya katikati inatoka haijaguswa na hewa. Na mishipa iliyotanuka zaidi iko chini ya mapafu. Akiketi au akisimama, damu inateremka huko huko. Akilala, inajigawa, anapata nafuu."

Moraa alikuwa anahesabu mito kichwani.

"Kwa hiyo sisi," akasema mwishowe, "na Dorkasi wote…"

"Tulikuwa tunakusanya ng'ombe wote pale ukuta ulipovunjika," Mokaya akamalizia, amejaa furaha kama mtu aliyeshinda kesi. "Mwandikie barua dada yangu, daktari. Weka na muhuri."

Daktari hakuwaficha lililobaki. Kwa virusi kuna vidonge vya kila siku. Kwa pumzi kuna mtambo wa oksijeni wa nyumbani, na mirija ya pua. Lakini tiba yenyewe ya kurudisha mishipa ni kubadilishiwa ini, na hilo hufanyika mbali, baada ya vipimo vingi. Atawaandikia waanze safari hiyo. "Kwa sasa," akamwambia Moraa, akimshika mkono, "akizidiwa, mlaze. Usibishane na mtu. Mlaze."

Moraa akaitikia. Kuitikia hospitalini ni rahisi.

Jumapili ile Migori iliamka na jua. Mtambo wa oksijeni uliokodishwa uliwekwa nyuma ya kiti cha Mokaya na kufunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, ukawa unanguruma kama paka mkubwa. Mokaya alivaa suti. Moraa alijaribu mara ya mwisho chumbani.

"Tuseme umesafiri."

"Nimesafiri siku ya mahari ya binti yangu? Watasema nimekimbia."

"Basi tuseme ukweli. Waambiwe unalala."

"Moraa, nikifa nimeketi, watasema alikuwa mwanamume. Nikiishi nimelala mbele ya mkwe, watasema nini?"

"Watasema uko hai, mjinga wewe!"

Bathsheba akachungulia mlangoni. Barua ya daktari alikuwa ameisoma na kuirudisha kama mtu aliyepewa chenji pungufu. "Atakaa," akasema. "Mtambo upo. Na mimi nitakaa karibu."

Wageni wakaingia. Mzee Omanga alikuwa mrefu, mwenye kofia ya kuwindia na sauti ya kipaza. Alifuatana na ndugu zake wawili na Boaz, ambaye aliketi karibu na mlango akitazama viatu vyake, kama inavyompasa. Salamu zikaenda vizuri. Maombi yakaenda vizuri, ingawa Bathsheba aliyarefusha. Mokaya, mirija puani, alikuwa mzito wa maneno lakini midomo ilikuwa bado ya binadamu. Moraa alisimama kwenye mlango wa jikoni, jicho moja kwenye sufuria, jicho la pili kwenye midomo.

Stima ikapotea.

Ule mngurumo nyuma ya kiti ukakatika. Wageni hawakujua maana yake, wakadhani ni friji. Mzee Omanga akaendelea.

"Mkwe wangu, sisi tulikuwa tumefikiria tuanze na ng'ombe wachache. Tusiende haraka."

Wote walijua hapo ndipo Mokaya anatakiwa kukasirika. Mtu aliyeuza magodoro miaka yote hiyo hakubali bei ya kwanza hata ndotoni.

"Sawa," Mokaya akasema kwa upole.

Bathsheba akageuza shingo. Mzee Omanga naye akasita, maana alikuwa amejiandaa kupigana.

"Sawa… kabisa?"

"Wachache ni wengi," Mokaya akasema, akitabasamu kama malaika. Midomo ilikuwa zambarau. "Hata msilete. Ng'ombe ni taabu. Chukueni msichana. Chukueni na mbuzi wetu. Yuko nyuma ya nyumba. Chukueni na dada yangu."

"Mokaya!" Bathsheba akapiga kelele.

Ndugu mmoja wa Omanga akanong'ona kwamba huyu ni mtu mwema sana, tuandike haraka.

Moraa akaona kila kitu kwa mara moja. Aliona Edith kwenye dirisha la jikoni, mkono mdomoni. Akamwona Boaz kwa mlango, mkwe, ambaye hakutakiwa kuona. Na aliwaona wale ng'ombe, wote wamejazana pale chini, wanapita wakavu. Bathsheba tayari alikuwa ameshamshika kaka yake kwapa na kumvuta juu zaidi.

"Mwachilie," Moraa akasema.

"Unataka kutuaibisha?"

"Nimesema mwachilie, dada!"

Akapita katikati ya wanaume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Akashika miguu ya mume wake yenye viatu vilivyong'arishwa, akavuta. Mokaya akateleza kutoka kwenye kiti na suti yake yote, akatua kwenye zulia mbele ya wakwe, chali, tai imemfunika jicho.

Hakuna aliyepumua isipokuwa yeye.

Boaz alikuwa wa kwanza kufanya jambo. Aligeuka akakimbia, akapita uani, na baadaye alikutwa katikati ya mahindi amewapa kisogo. Ndugu za Omanga walitazama ukutani, mmoja akaisoma kalenda kwa makini sana. Mzee Omanga alivua kofia akajifunika uso.

"Mama," akasema kutoka ndani ya kofia, "hii ni nini umetufanyia?"

"Ni ugonjwa," Moraa akasema. Alikuwa analia na hakuwa na wakati wa kulia. "Akiketi, damu yake inapita bila hewa. Ile mashine imezima. Kama mnaona tumewatusi, nendeni. Mimi simwinui. Binti nitamwozesha kwingine, lakini bwana sina mwingine."

Sauti ikatoka tena kofiani. "Akilala anapata hewa?"

"Anapata."

"Na sisi tukimwona ndiyo mwiko."

"Ndiyo mwiko."

Mzee Omanga akafikiri chini ya kofia yake. Kisha, kwa kuugua na kushika kiuno, akapiga magoti, akajigeuza, akalala chali kwenye zulia kichwa kwa kichwa na Mokaya, miguu ikielekea ukuta wa pili.

"Basi mimi sioni kitu," akasema. "Naona mabati. Jamani, laleni."

Ndugu zake wakatazamana. Wakalala. Bathsheba alibaki amesimama peke yake na uongozi wake wote, mto mkononi, mpaka akaona kwamba ndiye pekee anayewatazama wanaume waliolala, na hiyo ndiyo aibu kubwa kuliko zote. Akatoka nje akifoka.

Moraa akapiga magoti kando ya mume wake. Akaitoa ile tai jichoni. Alitazama midomo, akaingojea kama anavyongoja maji yachemke. Rangi ikaanza kuondoka. Kwanza pembeni, halafu katikati.

"Mkwe," Mokaya akasema akitazama mabati, sauti nyembamba, "tulikuwa tumefika wapi?"

"Ulikuwa umetupa msichana bure," Mzee Omanga akamkumbusha. "Na mbuzi. Na dada."

Kisha Mokaya akakohoa.

"Bure?" akasema. "Bure nani? Yule ni mwalimu! Mzee, wewe umetoka Rodi Kopany yote kuja kunitania kwangu? Na hao ng'ombe wachache ni wa rangi gani? Wamekonda?"

"Ng'ombe wangu hawajakonda!"

"Nitawaona. Na sitaki ndume. Sema tena, na useme kama mtu mzima."

Mzee Omanga akaguna kwa hasira iliyojaa raha, ndugu zake wakaanza kubisha wote pamoja kuelekea kwenye mabati, na Moraa akanyanyuka. Yule pale alikuwa bwana wake, anakataa kila kitu. Akajifuta uso kwa leso, akaenda jikoni, akamkuta Edith anacheka na kulia. Akapakua ugali, kuku na mboga za kienyeji, akachukua jagi la maji ya moto na beseni la kunawisha.

Alirudi mpaka mlangoni akasimama. Wazee walikuwa wamelala pale chini, mikono ikipigwa hewani, viatu vikielekea kila upande. Moraa akawatazama, akalitazama jagi, na hakujua aanzie wapi.